Kwa Nini Mtoto wa Wiki 28 Haguswiguswi

Hotuba ya muuguzi wa kitengo cha watoto wachanga kwa wazazi na wahamasishaji wa afya ya jamii, Siku ya Watoto Wanaozaliwa Kabla ya Wakati, Novemba 17



Lawama tunayoisikia sana wodini ni hii: "Mbona mnatunyima mtoto wetu?" Nyanya amesafiri kutoka mbali, anataka kumpakata mjukuu, naye muuguzi anamwambia amtazame tu. Inauma, najua. Sababu yenyewe iko ndani ya kichwa cha mtoto.

Ubongo unataka damu ifike kwa kiasi kilekile wakati wote. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, mishipa ya ubongo hujisimamia. Presha ya damu ikipanda, inajibana, ikishuka, inajipanua. Ni kama mtu aliyeshika mfereji: maji yakija kwa nguvu anaukaza, yakipungua anaufungua. (Sisi wa kaunti hii tunajua maji yanavyokuja na kupotea.) Mtoto wa wiki 28 bado hana uwezo huo kamili. Presha ikipanda, damu inaingia ubongoni kwa kishindo. Ikishuka, ubongo unabaki na njaa.

Tena, katikati ya ubongo wake kuna mishipa myembamba mno, ya muda tu, ambayo hutoweka mimba inapokaribia kutimia. Hiyo ndiyo hupasuka, na mara nyingi ni ndani ya siku 3 za kwanza. Damu ikivuja kidogo, wengi hukua vizuri. Ikivuja nyingi, mtoto anaweza kupata kichwa maji, mtindio wa ubongo, au tukampoteza.

Ni nini kinachopandisha na kushusha presha hiyo? Mambo madogo. Kulia kwa nguvu. Kuvutwa makohozi. Kuinuliwa miguu juu unapobadilisha nepi. Maji ya mshipani yanayoingia haraka. Hata pumzi inahusika: mashine ikimpumulia kwa kasi kupita kiasi, hewa ya kaboni hupungua katika damu na mishipa ya ubongo hujibana, ikirundikana, hupanuka. Ndiyo maana utaona kichwa chake kimewekwa katikati, nepi inabadilishwa kwa kumlaza ubavu, kazi zote zinafanywa mara moja, kisha anaachwa alale.

Lakini kifua cha mama ni jambo jingine kabisa. Pale hapapaswi, anatulia na kupata joto. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka wa 1978, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua bila mashine au aliye katika hali mahututi. Baba pia ana kifua, nawakumbusha.

Kinga kubwa zaidi hutolewa kabla hajazaliwa. Mama mwenye dalili za kujifungua kati ya wiki 24 na 34 hudungwa sindano za deksamethasoni, zinazokomaza mapafu ya mtoto na kupunguza hatari ya damu kuvuja ubongoni. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 5 zilizoshiriki utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu dawa hii, matokeo yakatolewa 2020. Ila sindano inahitaji saa kadhaa ifanye kazi. Mama anayefika kichwa cha mtoto kikionekana, hatuna la kumpa. Kwa hiyo wahamasishaji, mkisikia tumbo linabana na kuachia, maji yanatoka, au damu, kabla ya wiki 37, msimwambie mama asubiri asubuhi.

Na kwa walioruhusiwa kwenda nyumbani: msikose kliniki, hata mtoto akinenepa vipi. Tunapima mzunguko wa kichwa kwa utepe. Ukiona kichwa kinakua haraka, utosi umevimba au mtoto anatapika mfululizo, njoo siku hiyohiyo, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu.