Jibu Lina Mwaka Wake

(Haya ni maneno ya Afisa Elimu ya Watu Wazima alipozungumza na vikundi vya kisomo wilayani Mpanda, vilivyokuwa vinajiandaa kwa mashindano ya chemsha bongo.)



Nafurahi kuwaona wengi hivi saa ya jioni, wakati kila mtu ametoka shambani na mgongo unamuuma. Mtu aliyechoka akakubali kukaa darasani, huyo ana nia.

Nimeombwa niseme habari za chemsha bongo. Mwezi ujao vikundi vyetu vitashindana, nanyi mmeniuliza: "Mwalimu, tusome nini ili tushinde?" Swali hilo nitalijibu. Lakini kwanza nitawaeleza kosa langu mwenyewe, maana somo la leo limo ndani ya kosa hilo.

KOSA LANGU

Katika mashindano yaliyopita, mimi ndiye niliyesoma maswali. Nilishika karatasi yenye maswali pamoja na majibu. Nikamwuliza mama mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu: "Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi ngapi?"

Mama akajibu bila kusita: "Nane."

Nikatazama karatasi. Karatasi inasema saba. Nikamwambia: "Umekosa, mama. Kaa chini." Watu wakacheka. Kikundi chake kikashindwa kwa alama hiyo moja tu.

Tangu siku hiyo mama yule hakuonekana darasani. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Halafu usiku mmoja nasikiliza redio, nikasikia nchi za Jumuiya zinatajwa moja moja. Nikahesabu kwa vidole. Zikawa nane. Moyo ulinishtuka. Asubuhi nikapanda baiskeli mpaka kwake, nikamkuta anapukuchua mahindi.

Nikamwambia: "Shikamoo, mama. Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile wewe ulipata, mimi ndiye niliyekosa."

Akasema: "Marahaba, mwanangu. Mimi nilisikia redioni kwamba Somalia imeingia. Lakini wewe ulikuwa na karatasi, tena imeandikwa. Nikajiambia, maandishi hayawezi kukosea. Basi masikio yangu ndiyo yaliyokosea."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma. Sisi walimu tumewafundisha watu kusoma maandishi. Hatukuwafundisha kuyauliza maandishi. Karatasi yangu haikuwa ya uongo. Iliandikwa mwaka 2022, na mwaka huo jibu lilikuwa saba kweli. Lakini siku zilikwenda, na jibu likazeeka mikononi mwangu.

MAJIBU YANAYOZEEKA

Tulitazame vizuri swali lile lile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1967 na nchi 3: Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1977 ikavunjika. Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999, na Jumuiya ikaanza tena mwaka 2000 kwa nchi zile zile 3. Mwaka 2007 zikaingia Rwanda na Burundi, zikawa 5. Mwaka 2016 ikaingia Sudan Kusini, zikawa 6. Mwaka 2022 ikaingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zikawa 7. Mwaka 2024 ikaingia Somalia, zikawa 8.

Mnaona? Swali ni moja, lakini limekuwa na majibu matano. Na kila jibu lilikuwa la kweli kwa mwaka wake.

Turudi hapa kwetu. Mpanda iko mkoa gani? Mzee aliyesoma kabla ya mwaka 1974 atasema Tabora. Mtu aliyesoma baada ya hapo atasema Rukwa, kwa sababu mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974 na Mpanda ikawekwa humo. Mtoto wa shule wa leo atasema Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Babu, baba na mjukuu wanaweza kukaa kwenye moto mmoja wakabishana mpaka kuku wa kwanza awike, na wote watatu wamesoma vizuri. Kinachokosekana katika ubishi wao ni mwaka.

Ipo pia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, jirani yetu mwenye viboko na mamba. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, ikaongezwa mwaka 1998, na ukubwa wake ni kilometa za mraba 4,471. Vitabu vilivyopita viliandika kwamba ni ya tatu kwa ukubwa nchini. Lakini mwaka 2019 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kubwa kuliko zote, na hesabu ile ikabadilika. Hifadhi yetu haikupungua hata hatua moja. Imepitwa tu.

Hata habari za mbinguni huzeeka. Wengi tulifundishwa kwamba sayari zinazozunguka jua ni tisa. Mwaka 2006 wataalamu wa nyota walikutana, wakaamua kwamba ile ndogo ya mwisho, iitwayo Pluto, isihesabiwe tena pamoja na sayari kubwa. Sasa tunahesabu nane. Pluto yenyewe haikwenda popote, iko pale pale inazunguka jua. Kilichobadilika ni hesabu ya watu.

MAJIBU YASIYOZEEKA

Sasa msiogope mkadhani hakuna la kushika. Yako majibu yanayokaa.

Jambo lililokwisha kutendeka halibadiliki. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Haya yashikeni sawasawa, maana mashindano hayakosi kuyauliza.

Tena lipo ziwa letu. Mkoa wa Katavi unagusa Ziwa Tanganyika huko Karema na Ikola. Ziwa hilo lina kina cha meta 1,470. Ni la pili kwa kina duniani, na la kwanza ni Ziwa Baikal la nchi ya Urusi. Meta 1,470 ni kama kutembea kwa miguu dakika ishirini hivi. Lakini hapa unatembea kwenda chini! (Kicheko.) Nchi zinazolizunguka ni nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia.

Na kama mnatafuta mtu wa kujivunia, Karema inaye. Aliitwa Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto aliibwa akauzwa utumwani. Wamisionari walimkomboa, na baadaye akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 akafika Karema. Akatibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi akawa daktari wa watu wa ziwani kwa zaidi ya miaka sitini. Jibu hilo halitazeeka.

MASWALI YA "KWA NINI"

Aina ya tatu ni maswali ya "kwa nini". Haya ndiyo yanayochemsha bongo hasa. Kukariri hakutoshi hapa, sharti ufikiri.

Mfano wa kwanza: kwa nini reli inafika Mpanda? Reli kubwa inatoka Tabora kwenda Kigoma. Pale Kaliua likachepuka tawi la kilometa zipatazo 210 kuja kwetu. Halikujengwa ili sisi tusafiri kwenda kusalimia ndugu. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi yaliyochimbwa hapa Mpanda, ili yapate kwenda pwani. Mgodi ule ulifungwa, lakini reli ikabaki, na watu na mahindi yakapata njia.

Mfano wa pili: kwa nini maji ya Ziwa Rukwa yana magadi, na ya Ziwa Tanganyika hayako hivyo? Mto Katuma unapita katika hifadhi, unaungana na Kavuu, maji yanaingia Rukwa. Yakishaingia hayana mlango wa kutokea. Jua linayakausha, chumvi na magadi vinabaki. Mama ukisahau sufuria ya maji ya chumvi jikoni, maji yakakauka, unakuta nini chini? Chumvi. Basi Rukwa ni sufuria kubwa. Lakini Ziwa Tanganyika lina mlango. Maji yake hutoka kwa mto Lukuga, yakaingia mto Kongo, yakaenda mpaka Bahari ya Atlantiki. Maana yake maji ya Karema yanayopata kutoka yanaelekea bahari ya magharibi, ingawa Bahari ya Hindi iko karibu zaidi nasi. Mtu akikuuliza hili ukamweleza sababu, hata kama alama ni moja, umemfundisha mengi.

NAMNA YA KUJIANDAA

Sasa nawajibu: tusome nini, na vipi?

Kwanza, kaeni vikundi vya watu watano au sita. Mmoja aulize, wengine wajibu, kisha mpokezane. Asiwepo mtu wa kucheka anayekosa.

Pili, kila kikundi kiwe na daftari. Pigeni mistari mpate nafasi nne. Nafasi ya kwanza andikeni swali. Ya pili andikeni jibu. Ya tatu andikeni mwaka wa jibu hilo. Ya nne andikeni mlijuaje: kitabu gani, redio gani, mzee gani. Jibu lisilo na mwaka wala chanzo, liwekeeni alama ya kuuliza mpaka mpate hakika.

Tatu, sikilizeni taarifa ya habari. Kitabu kina uzito wake, lakini kitabu hakijui habari ya jana.

Nne, waulizeni wazee. Husimulia habari za Katabi, mwindaji ambaye inasemekana roho yake inakaa kwenye mti wa mkwaju ndani ya hifadhi, na jina la Katavi limetokana naye. Andikeni kwamba hayo ni masimulizi ya wazee. Masimulizi yana heshima yake na tarehe zina heshima yake, ila msivichanganye.

Tano, na hili ni agizo jipya kwetu sisi waamuzi. Mshindani akiambiwa amekosa, anaruhusiwa kunyosha mkono na kusema: "Napinga, na sababu yangu ni hii." Mwamuzi atamsikiliza. Ikithibitika, atapewa alama yake mbele ya watu wote.

Na msidhani haya ni ya mashindano tu. Chupa ya dawa ya ng'ombe ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti ya mbegu nayo inayo. Mtu akikuletea karatasi ya bei ya mahindi, tazama ni ya mwezi gani, mwaka gani. Mkulima anayeamini bei ya mwaka jana atapunjwa mwaka huu, naye anajua kusoma! Na karatasi ya mkopo ukitakiwa uweke sahihi, iulize maswali kabla kalamu haijagusa.

ZOEZI

Jaribuni haya bila kutazama majibu.

1. Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka mkoa gani?
2. Taja wilaya za mkoa wa Katavi.
3. Waziri Mkuu wa Tanzania kuanzia 2008 hadi 2015 alitoka mkoa wetu. Ni nani?
4. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, Tanzania ilifikisha mikoa mingapi?
5. Ni mwaka gani uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima?
6. Kampeni ya afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza, iliitwaje?
7. Makazi ya Katumba na Mishamo yalianzishwa kwa ajili ya nani?
8. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka gani, na sheria yake ikapitishwa mwaka gani?

Majibu: 1. Rukwa. 2. Mpanda, Mlele na Tanganyika. 3. Mizengo Pinda. 4. Mikoa 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. 5. Mwaka 1970. 6. Mtu ni Afya. 7. Wakimbizi waliotoka Burundi tangu mwaka 1972. 8. Uamuzi mwaka 1973, sheria mwaka 2018.

Na haya majibu yangu msiyaamini bure. Yaulizeni. Hasa la 2 na la 4, maana mikoa na wilaya huzaliwa.

Ndugu zangu, namalizia. Mama yule amerudi darasani. Alama ya kikundi chake nimeirudisha kwenye daftari la matokeo, na mimi mwenyewe nimeandika pembeni kwamba kosa lilikuwa la mwamuzi. Nimemwomba mwezi ujao akae nami mezani. Amekubali, ila amesema atakuja na redio yake.

Elimu haina mwisho.