Mazungumzo Baada ya Habari: Watoto Waliobaki Makaoni



Mwaka 2012 Serikali ya Rwanda iliamua kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia. Hesabu ya mwaka huo ilikuta watoto 3,323 katika makao 33. Waliitwa yatima, kumbe wengi walikuwa na mzazi au jamaa aliye hai. Mwaka 2013 ukaanzishwa mpango wa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia, wakatafutwa walezi walioitwa Malayika Murinzi, malaika walinzi.

Kazi hiyo ilisonga mbele, lakini si kwa mwendo mmoja kwa watoto wote. Mtoto mwenye viungo vizima alipata wa kumpokea upesi. Mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kukaa wala kujilisha, alibaki nyuma.

Jambo hili linawahusu ninyi, wanajeshi na askari polisi mlioko kambini, vituoni na mipakani. Mtoto akitupwa njiani, mara nyingi askari polisi ndiye wa kwanza kuitwa. Na mwanajeshi mwenye huruma huenda akasema: mleteni kwangu. Huruma hiyo ni njema, ila hapana budi ipimwe. Askari huhamishwa, wengine wamewahi kutumwa Darfur, Juba na Bangui kwa miezi mingi. Nani atakayebaki akimkalisha mtoto wima na kumlisha kijiko kwa kijiko ili asipaliwe? Nani atamnyoosha viungo kila siku, na kumpeleka hospitali? Mtoto wa miaka 3 hubebwa mgongoni. Akifika miaka 12 ni mzigo mwingine, na mgongo wa mlezi haupewi likizo. Kwa hiyo huu si uamuzi wa kutolewa kwa amri, tena kwa simu. Ni wa watu wawili walioketi pamoja, na watoto wa nyumba hiyo wakaelezwa.

Wala haifai kumchukua mtoto kimya kimya, hata kwa nia safi. Lazima aandikishwe, na jamaa zake watafutwe kwanza. Katika kila kijiji wamewekwa Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Anayekusudia kulea aanzie kwao, na aende pamoja na mwenzake wa nyumbani.