Corolla 110 au Probox?
Msikilizaji wetu wa Kayanga, Nkwenda hadi Murongo, unatafuta gari lililotumika? Corolla 110, iliyoanza kutengenezwa 1995, ikiwa na injini ya 5A hutumia mkanda wa taimingi, nao hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Probox, iliyotoka 2002, yenye injini ya 1NZ ina cheni, inayodumu sana mradi oili ibadilishwe kwa wakati. Kwenye lami ya Kyaka hadi Bugene, Corolla imetulia zaidi. Lakini laza viti vya nyuma vya Probox uone: mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa vinaingia bila kubanana. Kwa mkulima, nasema Probox. Kabla ya kulipa, mwite fundi aingie uvunguni akague shokapu na bushi.