Kipanya Huria: Nini Hasa Kinatolewa kwa Umma



Mwaka 1952 wahandisi watatu waliofanya kazi Kanada, Tom Cranston, Fred Longstaff na Kenyon Taylor, walitengeneza kifaa cha kusogezea alama kwenye skrini ya mfumo wa jeshi la wanamaji la nchi hiyo. Mradi uliitwa DATAR. Walichukua tufe la mchezo wa bowling, lile dogo linalochezewa huko, wakalipachika ili lizunguke papo hapo. Mwendeshaji akilisukuma kwa kiganja, alama inafuata. Hicho ni miongoni mwa vipanya vya gololi vya mwanzo kabisa duniani. Lakini kazi ilikuwa siri ya kijeshi. Hawakuchukua hataza, na michoro haikutoka. Mwaka 1964, huko Menlo Park, California, Douglas Engelbart na Bill English wakatengeneza kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake, na hicho ndicho kilichoenea. Hataza ilitoka mwaka 1970, ikawa mali ya taasisi ya SRI. Engelbart mwenyewe hakulipwa mrabaha.

Karibu na mwaka 2020 kampuni ndogo ya Ploopy, ya huko huko Kanada, ilianza kuuza kipanya cha gololi huku ikiweka hadharani michoro ya bodi, maumbo ya gamba la kuchapwa kwa printa ya 3D, orodha ya vipuri, na programu inayokaa ndani ya chipu. Programu hiyo imejengwa juu ya QMK, mradi huria ulioanzia kwenye kibodi. Mfano huu ndio ulionishawishi kwamba kutoa kipanya kizima kwa umma kunawezekana, hata kwa kundi la watu wachache.

Naomba tukae kidogo kwenye swichi iliyo chini ya kitufe cha kushoto. Ndani yake mna ulimi mwembamba wa metali unaopinda na kurudi. Ukibonyeza, ulimi huo haugusi mara moja ukatulia; hurukaruka kwa milisekunde kadhaa, na kompyuta ingeweza kuhesabu mibonyezo mingi badala ya mmoja. Kwa hiyo programu husubiri. Katika QMK muda wa kawaida ni milisekunde 5. Swichi ikichakaa, mruko unarefuka, na hapo unaanza ule ugonjwa ambao kila fundi anaujua: faili ulilotaka kulichagua tu linafunguka. Mwenye kipanya kilichofungwa hana la kufanya ila kukitupa. Mwenye kipanya huria anafungua msimbo, anabadili 5 kuwa 10, anaupakia upya, na kazi inaendelea. Swichi ikifa kabisa, orodha ya vipuri inamtajia aina yake, na fundi wa Kariakoo anaing'oa na kuchomea nyingine kwa risasi.

Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba kutoa kifaa kwa umma ni kazi ya uhandisi, sawa na kukibuni. Picha ya mchoro haitoshi. Faili la umbo lililo tayari kuchapwa nalo halitoshi, kwani mtu anaweza kulichapa lakini akahangaika kulibadili. Mfikirieni mama aliyepata kiharusi, ambaye kidole gumba cha mkono wa kushoto ndicho pekee kinachomtii. Akitaka kitufe kisogezwe sentimita mbili, anahitaji faili la asili, lile ambalo mbunifu mwenyewe alilifanyia kazi. Ukimnyima hilo, uhuru unaomtangazia haumfikii.

Leseni pia si mapambo. Usipoiandika, sheria ya hakimiliki inamzuia jirani kunakili hata kama moyoni umemruhusu. Leseni ya vifaa huria ya kituo cha utafiti cha CERN, iliyoanza mwaka 2011 na kupata toleo la pili mwaka 2020, ina aina tatu. Mimi napendelea ile inayomtaka anayeboresha na kusambaza naye atoe michoro yake. Kisha kuna namba ya utambulisho ya USB, ambayo kompyuta hukitambua kifaa kwayo. Shirika linalosimamia USB hutoza dola za Marekani 6,000 kwa namba ya mtengenezaji, fedha ambazo hakuna mwanafunzi wetu aliye nazo. Mradi wa pid.codes hugawa namba za bidhaa bure kwa kazi huria, chini ya namba ya mtengenezaji 1209.

Na kuna sehemu isiyofunguka. Kihisi cha PMW3360 cha kampuni ya PixArt ya Taiwan, kinachotumika katika vipanya vingi vya aina hii, ni kamera ndogo ya nukta 36 kwa 36 inayosoma uso wa gololi. Kila kinapowashwa hupakiwa programu ya takriban kilobaiti 4, na msimbo wake wa asili haujatolewa. Tunaitumia bila kuijua. Anayeandika kwamba kipanya chake ni huria kwa asilimia mia huku kihisi hiki kikiwa ndani anawapotosha wenzake. Jambo hili liandikwe ukurasa wa kwanza, si mwishoni.

Ninaiomba Seneti ihesabu kifaa huria kuwa kazi ya kitaaluma wakati wa kupandisha vyeo na kutoa shahada. Sharti liwe moja, na liwe gumu: mwanafunzi wa idara nyingine akabidhiwe mafaili, vipuri na printa, bila namba ya simu ya mbunifu. Akikwama, maelezo yarekebishwe pale alipokwamia, na alama zisubiri mpaka kipanya alichokiunda kisogeze kielekezi kwenye skrini.