Kibali Kwanza, Chuma Baadaye: Fundi na Sheria ya Vipunguza Sauti vya Bunduki

Mada iliyotolewa kwa mafundi vyuma, wakereza na vijana wa karakana. Inachapishwa kwa manufaa ya wakazi wote wa kata.



Katika simu za vijana wengi siku hizi hupita video za Wamarekani wanaokereza, katika karakana za nyumbani, kifaa cha kufunga kwenye mdomo wa bunduki ili mlio wake upungue. Mtazamaji huona chuma kikichongwa na kung'aa, lakini haoni karatasi zilizotangulia. Mada hii inaeleza karatasi hizo, kisha inaeleza kwa nini kazi hiyohiyo ikifanywa katika karakana ya hapa Tanzania yaweza kumfikisha fundi mahakamani.

Kifaa chenyewe si kigeni duniani. Mhandisi wa Marekani, Hiram Percy Maxim, alipewa hataza yake mwaka 1909. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha yenye jina la ukoo huo, aina ambayo Wajerumani waliitumia dhidi ya wapiganaji wa Maji Maji kusini mwa nchi hii. Baba alileta mngurumo, mwana akatafuta namna ya kuutuliza.

Bunduki hulia hasa kwa sababu gesi ya moto inayoisukuma risasi hutoka ghafla mdomoni ikiwa na shinikizo kubwa. Kipunguza sauti huipa gesi hiyo nafasi ya kutanuka na kupoa kabla ya kufika nje. Mlio haufi, kama sinema zinavyodai. Mlio wa desibeli 160 hivi hupungua kwa desibeli 20 hadi 35, na bado husikika mbali. Wawindaji na walenga shabaha wa Marekani hukitumia zaidi kwa ajili ya kulinda masikio yao.

Hata hivyo, tangu mwaka 1934 sheria ya Marekani imekiweka kifaa hicho katika daraja moja na bunduki za rashasha. Raia anayetaka kujitengenezea hupeleka kwanza maombi katika idara ya serikali kuu inayosimamia silaha. Huambatanisha picha na alama za vidole, na nakala ya maombi hupelekwa kwa mkuu wa vyombo vya dola wa eneo anakoishi. Kwa zaidi ya miaka 90 alilipa pia kodi ya dola 200. Kodi hiyo imefutwa kwa vifaa hivi kuanzia tarehe 1 Januari 2026, lakini maombi, uchunguzi na usajili vimebaki palepale.

Baada ya hapo mwombaji husubiri. Kabla ya kibali kutoka haruhusiwi kukata hata kipande kimoja, kwa kuwa sheria huhesabu sehemu iliyokusudiwa kwa kifaa hicho kuwa ni kifaa kamili. Kibali kikitoka, kifaa huchongwa namba ya usajili pamoja na jina la mtengenezaji. Akitaka kutengeneza kwa ajili ya kuuza, atahitaji leseni nyingine ya kiwanda. Majimbo 8, California na New York yakiwamo, hayamruhusu raia kumiliki kifaa hicho kabisa. Anayevunja sheria hiyo ya serikali kuu aweza kufungwa hadi miaka 10.

Mwaka 2022 watu wengi nchini humo walijifunza uzito wa utaratibu huo. Walikuwa wamenunua seti za vipande vya chuma zilizouzwa kama vifaa vya kusafishia bunduki, kisha wakaomba kibali cha kuzigeuza kuwa vipunguza sauti. Maombi mengi yalikataliwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba vipande vile vilikwisha kuwa vipunguza sauti tangu siku vilipouzwa. Waliojipeleka kwa nia ya kufuata sheria walijikuta wanashika kitu wasichoruhusiwa kuwa nacho.

Ndugu mafundi, kama huko ambako mlango umeachwa wazi kwa kipimo mambo ni hivyo, hapa nchini tahadhari haina budi kuwa kubwa zaidi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ya mwaka 2001, ambayo Tanzania imejiunga nayo, inakitaja kifaa kilichobuniwa kupunguza mlio wa bunduki miongoni mwa sehemu za silaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nayo inakataza kutengeneza silaha bila leseni. Karakana ya mtaani haina leseni hiyo, na leseni ya biashara inayotolewa na halmashauri haiwezi kushika nafasi yake.

Fundi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alikereza tu kile alicholetewa. Mteja anayekuja na mchoro usio na jina, anayetaka kazi ifanywe usiku, au anayeomba bomba la gobole litengenezwe upya, anamtwisha fundi mzigo wa kesi. Mteja huondoka na kitu chake. Mashine, michoro na mabaki ya chuma hubaki karakanani kuwa ushahidi, na watoto wa fundi ndio watakaolala njaa.

Anayeletewa kazi ya namna hiyo aikatae, kisha atoe taarifa kwa Polisi Kata au kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Mwenye silaha ya kienyeji nyumbani asiifiche wala asijaribu kuikarabati. Katika miaka ya 2022 na 2023 Serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha kwa hiari kati ya tarehe 1 Septemba na 31 Oktoba, na matangazo ya namna hiyo yafuatiliwe. Mwenye kuhitaji silaha kihalali aanzie kituo cha polisi, kwa kuwa Jeshi la Polisi ndilo lenye dhamana ya kusajili.

Ujuzi wenyewe hauna hatia. Maxim huyohuyo aliielekeza elimu yake katika kutuliza kelele za injini, na kampuni yake ikaendelea na kazi hiyo viwandani. Katika kata hii mashine za kusaga nafaka, jenereta na pampu za maji hunguruma tangu alfajiri, karibu na madarasa na zahanati, wakati kanuni za mazingira za mwaka 2015 zimeweka viwango vya kelele visivyopaswa kuvukwa. Mwenye mashine ya kusaga aliyepokea malalamiko ya majirani anahitaji fundi wa kumtengenezea bomba la moshi lenye kutuliza mngurumo. Kazi hiyo hufanywa mchana, kwa risiti, na huhesabiwa haki. Fundi anayetaka kuianza amwone Afisa Mazingira au Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa maelekezo.