KABLA YA MGOMO KUNA BAJETI
Nani hulipa serikali inapobana matumizi?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya Kamati za Maendeleo za Sharika)



Mada tuliyopewa ni migomo na maandamano ya wananchi pale serikali zinapopunguza matumizi. Wapo watakaouliza haya yanalihusu nini Kanisa. Kanisa lina zahanati, hospitali na shule. Fedha zikikatwa huko juu, mgonjwa aliyekosa dawa hubisha hodi mlangoni kwetu. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu, na ni vema tulielewe kabla halijatufika.

Zambia: unga uliotikisa serikali

Tuanze na jirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma. Kwa miaka mingi Zambia ilipata karibu fedha zake zote za kigeni kutokana na shaba. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, serikali iliendelea kukopa ili kulipia mishahara, hospitali na ruzuku ya unga wa mahindi. Deni likakua, na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) likaweka masharti: punguza matumizi, ondoa ruzuku.

Desemba 1986 serikali ya Rais Kenneth Kaunda iliondoa ruzuku ya unga mweupe uliokobolewa, na bei yake ikapanda zaidi ya mara mbili. Kwenye makaratasi mpango ulionekana kuwa na huruma, kwa sababu unga wa daraja la chini, ule unaoliwa na maskini, ungebaki na ruzuku. Lakini wenye vinu hawakuwa na hakika kwamba serikali ingewalipa ruzuku hiyo kwa wakati. Wakasaga zaidi ule wa bei kubwa, na unga wa maskini ukatoweka madukani. Mama aliyekwenda dukani alikuta unga asioweza kuununua.

Miji ya Mkoa wa Shaba ikalipuka, na Lusaka pia. Kwa hesabu ya serikali, watu 15 walikufa. Bei ya zamani ikarudishwa, na Mei 1987 Zambia ikaachana na mpango wa IMF. Lakini deni lilikuwa palepale. Juni 1990 bei ya unga ikapandishwa tena, ghasia zikarudi, na safari hii waliokufa walizidi 20. Oktoba 1991, katika uchaguzi wa vyama vingi, Kaunda alishindwa na Frederick Chiluba, aliyekuwa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi.

Ndugu wajumbe, hapa tutulie kidogo. Aliyeingia Ikulu alitoka katika vyama vya wafanyakazi, na wengi walitazamia kwamba ukataji ungekoma. Ilikuwa kinyume chake. Serikali mpya iliondoa ruzuku ya unga kabisa na kuuza mashirika ya umma. Maandamano yalibadilisha viongozi na kufungua mlango wa demokrasia, nalo si jambo dogo. Deni hayakulifuta.

Kenya nayo ilitukumbusha jambo hilo Juni 2024. Muswada wa Fedha wenye kodi mpya uliondolewa siku moja tu baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, na watu walikuwa wamepoteza maisha. Siku chache baadaye Rais alitangaza kupunguza matumizi ya serikali na kukopa zaidi ili kuziba pengo. Pengo la bajeti lisipozibwa kwa njia moja hutafutiwa njia nyingine, na swali hubaki lilelile: nani atalipa?

Kwetu hakukuwa na ghasia, lakini tulilipa

Tanzania ilikubaliana na IMF mwaka 1986. Hatukuwa na ghasia za unga kama za majirani, ila wazee waliopo hapa wanakumbuka karo na michango ya shule za msingi, na kuanzia mwaka 1993 uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali. Sera ilisema mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na asiyejiweza wasamehewe. Je, ni bibi wangapi vijijini waliijua haki hiyo? Na aliyeijua, angeidai wapi? Wengi walibaki nyumbani na ugonjwa wao.

Hao hawakuandamana. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kugomea masomo, na mfanyakazi anaweza kuweka zana chini. Mkulima wa mahindi agome vipi? Akiacha kulima, anajigomea mwenyewe. Mjane mwenye kisukari hana kazi ya kuigomea. Ndiyo maana kila fedha zinapopungua, mkato huelekea upande usio na kelele.

Migomo nayo ina majeruhi wake. Mwaka 2012 madaktari wetu waligoma wakidai maslahi yao, pamoja na vifaa na mazingira bora ya kazi katika hospitali. Madai mengi yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, aliyelala kitandani bila kuhudumiwa siku zile hakuwa mpanga bajeti. Alikuwa mgonjwa. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imezuia migomo katika huduma muhimu kama afya, maji na umeme. Lakini kumzuia mtu asigome hakumpi muuguzi glovu wala dawa. Aliyezuiwa kupiga kelele anastahili kusikilizwa mapema zaidi kuliko wengine.

Hali ya sasa

Miaka hii mkato mwingine umetufikia kutoka mbali. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mosi mwaka huohuo shirika lake la USAID likawa limefungwa. Uingereza nayo ilitangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027. Katika nchi nyingi za Afrika kliniki za VVU zilipoteza watumishi. Mama anayechukua dawa kila mwezi hawezi kuandamana mbele ya Bunge la nchi nyingine. Hana kura huko, wala nauli.

Hapa tunasema na ninyi wageni wetu. Tunashukuru kwa sadaka zenu. Lakini mnacho kitu kingine ambacho sisi hatuna, nacho ni sauti katika nchi zenu. Barua ya usharika wenu kwa mbunge wenu inaweza kufika mahali ambapo ombi letu halifiki.

Tufanye nini?

Jibu la kwanza tunalipata tena Zambia. Wakati wa masharti yale, Kituo cha Wajesuiti cha Tafakari ya Kitheolojia mjini Lusaka kilianza kazi ndogo isiyo na makelele. Kila mwezi watu wake huenda sokoni, huandika bei ya unga, maharage, mafuta na mkaa, hujumlisha mahitaji ya familia moja, kisha huweka jumla hiyo kando ya mshahara wa mwalimu na wa muuguzi. Kila msomaji huona mwenyewe kama mshahara unatosha. Kituo hichohicho kilikuwa nguzo ya kampeni ya kufuta madeni nchini humo. Mwaka 2005 Zambia ilipata msamaha mkubwa wa deni, na Aprili 2006 ada za matibabu vijijini zikaondolewa. Nasi Tanzania, baada ya msamaha wa mwaka 2001, karo ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2002, na mamia ya maelfu ya watoto waliokuwa nje wakaingia darasani. Kalamu, hesabu na sala za miaka mingi zilifika mahali ambapo mawe hayakufika.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kamati ifanye haya:

1. Ihudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu, na iulize taarifa ya mapato na matumizi. Bajeti ya Taifa husomwa Juni, lakini mipango ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Anayengoja Juni amechelewa.

2. Ichague watu wawili wa kuandika kila mwezi dawa zilizokosekana katika zahanati ya eneo lake, na bei ya mahitaji 6 ya nyumbani. Daftari moja la shule linatosha.

3. Ijue nani wana haki ya msamaha wa matibabu, itangaze kanisani, na imsindikize anayestahili.

4. Ianze na nyumba yetu wenyewe. Mapato ya usharika yakipungua, tutazame tulichokata kwanza. Kama ni mfuko wa wajane, na posho za vikao zimebaki, hatuna la kuiambia serikali.

Hili la mwisho tumelipata kwa Nehemia, sura ya 5. Watu walilia kwa sababu ya njaa, madeni na mashamba yaliyowekwa rehani. Nehemia hakuwakemea kwa kulia. Aliitisha mkutano, akawabana wakopeshaji mbele ya watu wote mpaka wakarudisha mashamba. Naye mwenyewe, kwa miaka 12, hakula posho ya chakula ya liwali, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Ndugu wajumbe, watu wanaofika barabarani mara nyingi wamekwisha kubisha hodi mahali pengi bila kuitikiwa. Kamati ya usharika iwe mmojawapo wa milango inayofunguka. Tunaomba daftari la kwanza la kila usharika lifike ofisi ya miradi kabla ya kikao kijacho, ili tuyasome pamoja na kuyapeleka halmashauri kwa jina la Dayosisi nzima.