Maneno kwa Wanachama juu ya Saratani ya Mlango wa Kizazi



Tumepewa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwa desturi halitajwi mbele ya wazee. Twaomba radhi, lakini hatuna budi kulitaja, kwa maana haya imezika mama wengi. Ni saratani ya mlango wa kizazi. Katika mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa wanawake 5,236 wa Kenya walipatwa na ugonjwa huu, na 3,211 walikufa kwa ajili yake.

Kila mwenye shamba hapa Magarini amjua mdudu aingiaye kileleni mwa mnazi. Makuti yangali mabichi na madafu yangali yakianguliwa, kumbe ndani moyo wa mti waliwa. Siku kilele kinapoanguka, hakuna dawa tena. Ugonjwa huu nao huenda vivyo hivyo.

Asili yake ni virusi viitwavyo papiloma, ambavyo huambukizwa katika tendo la ndoa. Mwaka 1983 tabibu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, pamoja na wenziwe, walivigundua virusi vya namna ya 16 katika uvimbe wa saratani hii, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Namna za virusi hivi ni zaidi ya 100, lakini mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zisababishazo kadiri ya 70 katika kila saratani 100 za mlango wa kizazi.

Watu wengi mno hupatwa na virusi hivi maishani mwao, na mara nyingi mwili huvishinda wenyewe kabla ya miaka miwili kupita. Lakini kwa baadhi ya wanawake havitoki. Huharibu utaratibu wa kukua kwa chembe za mlango wa kizazi. Chembe hizo hugeuka kidogo kidogo, na mwisho huwa saratani. Safari hiyo huchukua miaka 15 hata 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama mwenye virusi vya Ukimwi asiyetibiwa, yaweza kuwa miaka 5 hata 10. Muda huo mama haumwi. Maumivu, na damu isiyo ya wakati wake, huja nyuma.

Wazee wetu, twawaomba mambo matatu. La kwanza ni la barazani. Mke akionekana na ugonjwa huu, wako wasemao kwamba amezini. Virusi hivi vyaweza kukaa kimya miaka mingi, na mume huweza kuwa navyo bila dalili yoyote. Basi ugonjwa huu si ushahidi wa uzinzi, wala haifai kumhukumu mtu kwa ajili yake.

La pili ni kupimwa. Mganga hupaka siki nyepesi, na palipogeuka huonekana peupe. Kiko pia kipimo cha virusi vyenyewe. Shirika la Afya Duniani lashauri mwanamke aanze kupimwa afikapo miaka 30, na mwenye virusi vya Ukimwi miaka 25. Palipogeuka huharibiwa kwa joto au kwa baridi kali, na kwa kawaida mama hurejea nyumbani siku ile ile. Nauli ya kutoka Adu au Marafa hata Malindi ni nzito kwa mama peke yake. Mume na aitoe mapema.

La tatu ni chanjo. Kenya ilianza mwezi wa Oktoba 2019 kuwachanja wasichana wa miaka 10, kwa kuwa chanjo hufaa zaidi kabla virusi havijaingia. Yasemwayo kwamba huua uzazi si kweli. Yalinda kizazi chenyewe.

Mwenye mnazi hangoji kilele kianguke ndipo amtafute mdudu. Tusiwatunze mama zetu na binti zetu chini ya tunavyoitunza minazi yetu.